Mstari Unaopanda Si Mlima: Namna ya Kusoma Grafu ya Umbali na Muda na Kupata Kasi

Anza kwa kuchora. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imepakiwa kabichi kule Kibumba, inateremka kuja Goma. Muda uweke kwenye mhimili wa mlalo, umbali kutoka Kibumba uweke kwenye mhimili wa wima. Mstari utaelekea wapi? Wanafunzi wengi huuchora ukishuka, kwa kuwa barabara yenyewe inashuka. Lakini mstari unapanda. Kila dakika inayopita chukudu inazidi kuwa mbali na Kibumba, kwa hiyo kila nukta inakaa juu kuliko iliyotangulia. Sasa mwenye chukudu ameuza kabichi, anaisukuma tupu kurudi nyumbani, jasho linamtiririka kwa mlima. Kwenye grafu ileile mstari wake unashuka, maana umbali kutoka Kibumba unapungua.

Ukilishika hilo, sehemu ngumu ya somo umeivuka. Grafu ya umbali na muda si picha ya barabara. Haioneshi kilima, kona wala mashimo. Inajibu swali moja tu: muda fulani ulipofika, kitu kilikuwa umbali gani kutoka mahali tulipopaita sifuri? Ndiyo maana, kabla ya kuweka nukta hata moja, andika kando ya mhimili wa wima maneno kamili: "umbali kutoka Kibumba, km". Ukiandika "umbali" peke yake, baada ya dakika kumi hutakumbuka ni umbali kutoka wapi, na hapo ndipo mistari hupinduka.

Neno moja la kuwekwa sawa. Darasani na kwenye Mtihani wa Taifa masomo yetu ni ya Kifaransa, kwa hiyo utasikia vitesse, nayo ni kasi. Utasikia pente, nayo ni mwinamo wa mstari. Vitabu vingine vya Kiswahili huuita mwinamo huo mteremko. Hapa tutasema mwinamo, kwa sababu neno mteremko linamrudisha mwanafunzi mlimani, na tumetoka kumshusha huko.

Mstari unasema nini

Mwinamo wa mstari ndio kasi. Mstari ulionyooka ukapanda maana yake ni kwamba kila sekunde inaongeza umbali uleule: kasi haibadiliki. Mstari ukiwa mkali zaidi, katika grafu hiyohiyo, kasi ni kubwa zaidi. Mstari ukilala sambamba na mhimili wa muda, muda unakwenda lakini umbali hauongezeki: kitu kimesimama.

Hapo kwenye mstari uliolala tukae kidogo, maana wanafunzi wazuri pia hujikwaa. Ipo grafu nyingine, ya kasi na muda, ambayo mstari uliolala ndani yake una maana kwamba kitu kinakwenda kwa kasi isiyobadilika. Michoro miwili inafanana kabisa kwa macho, na maana zake ziko mbali kama kulala na kutembea. Dawa ni kusoma jina la mhimili wa wima kabla ya kuutazama mstari. Fanya hivyo kila mara, hata kama una haraka.

Mstari uliosimama wima kabisa hauwezekani, kwa sababu kitu kingekuwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Mchoro unaorudi nyuma kuelekea kushoto nao hauwezekani, maana muda haurudi. Ukiona mojawapo katika kazi yako, huenda umebadilisha mihimili: umbali umeuweka chini na muda juu.

Pimeni wenyewe uwanjani

Somo hili linaingia vizuri zaidi kwa miguu. Mnahitaji watu saba, uwanja au barabara tambarare yenye mita 100 za wazi pamoja na nafasi kidogo kabla na baada, simu tano zenye saa ya kupimia sekunde, chokaa au majivu ya kuweka alama, na kamba. Kwenye mitaa yetu yenye mawe ya lava mtu hutembea kwa kukwepakwepa na hatua hubadilika, kwa hiyo afadhali uwanja wa mpira au lami iliyotulia isiyo na magari.

Kamba msiipime kwa lati (rula) ya sentimita 30. Mita 100 ni kuiweka lati zaidi ya mara 330, na kila mara ukikosea milimita moja upande uleule, mwishoni umepoteza zaidi ya sentimita 33. Azimeni mita ya fundi ujenzi, ile ya mita 5. Pimeni kamba ya mita 20 isiyovutika, kisha itumieni mara tano. Kamba ya nailoni nyembamba inavutika ikikazwa, muiepuke.

Wekeni alama kwenye 0, 20, 40, 60, 80 na 100. Kwenye kila alama kuanzia 20 asimame mtu mmoja mwenye simu. Mtu wa sita asimame kwenye 0. Wa saba ndiye mtembeaji, naye aanze mita 5 hivi kabla ya sifuri, ili akifika kwenye alama ya kwanza awe tayari ameshika mwendo wake wa kawaida. Akianzia pale pale kwenye 0 akiwa amesimama, sekunde ya kwanza huenda kwenye kuchukua mwendo na nukta zote zinasogea.

Mguu wake ukivuka sifuri, mtu wa sita anashusha mkono aliokuwa ameuinua juu, na wote watano wanaanzisha saa zao kwa wakati huohuo. Ishara iwe ya mkono, si ya kupiga makofi wala filimbi. Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye kwenye alama ya 100 ataisikia filimbi karibu sekunde 0,3 baada ya kupulizwa. Mkono anauona papo hapo. Kila mmoja anasimamisha saa yake mguu wa mtembeaji unapovuka alama yake.

Matokeo yanaweza kufanana na haya:

0 m: 0 s
20 m: 15 s
40 m: 29 s
60 m: 44 s
80 m: 60 s
100 m: 74 s

Msishangae kwamba kati ya alama na alama muda ni 15, kisha 14, kisha 15, kisha 16, kisha 14. Kidole cha mtu huchelewa takriban sehemu ya tano ya sekunde, na kuna kusogea kwa hatua zenyewe. Kwa mtembeaji anayetumia sekunde 15 kwa mita 20, kuchelewa huko ni zaidi kidogo ya asilimia 1. Kwa mkimbiaji anayetumia sekunde 3 tu, kuchelewa kulekule ni karibu asilimia 7. Kwa hiyo anzeni na kutembea. Kukimbia kuje baadaye, na kwa alama zilizo mbali zaidi moja na nyingine.

Kuchora bila kujiharibia

Chukua karatasi ya milimita. Tafuta kipimo kinachojaza sehemu kubwa ya karatasi na kinachosomeka bila taabu: sentimita moja iwe 1, 2, 5, 10, 20, 50 na kuendelea. Kipimo cha sentimita moja kwa mita 3 au sekunde 7 kitakutesa, kwa sababu milimita moja haitakuwa namba ya kueleweka. Kwa matokeo yetu, muda uwe sentimita 1 kwa sekunde 5: sekunde 74 zinachukua sentimita 14,8. Umbali uwe sentimita 1 kwa mita 10: mita 100 zinachukua sentimita 10. Kipimo kikishachaguliwa hakibadiliki katikati ya mhimili. Wapo wanaoandika kwenye mhimili 15, 29, 44, 60, 74 kwa nafasi zinazolingana, yaani wanazipanga namba za jedwali kama zilivyo. Kwa njia hiyo kila mwendo huonekana umenyooka, hata usionyooka.

Nukta ziwekwe kwa msalaba mdogo wa penseli iliyochongwa. Kisha usiziunganishe moja baada ya nyingine kama meno ya msumeno. Zigzagi hiyo ingesema kwamba mtembeaji alibadilisha kasi ghafla kila mita 20, wakati tunajua kwamba tofauti hizo zilitoka kwenye vidole. Weka lati, chora mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya nukta, nyingine zikiwa juu kidogo, nyingine chini kidogo. Kwa kuwa saa zilianza kwenye alama ya sifuri, mstari huu unaanzia kwenye 0.

Nukta moja ikikaa mbali na wenzake, ichunguzeni kabla ya kuifuta. Tuseme wa alama ya 60 aliandika 54. Nukta yake itasogea kulia, maana yake saa yake ilisimama imechelewa, au aliisoma 44 kama 54. Muulizeni aangalie tena kwenye simu. Kama haiwezekani kuthibitisha, iacheni kwenye karatasi, izungushieni duara, na mstari msiulazimishe kupita hapo.

Kupata kasi kutoka kwenye mstari

Chagua nukta mbili zilizo juu ya mstari wenyewe, mbali moja na nyingine, ikiwezekana mahali mstari unapokata mistari minene ya karatasi. Si lazima ziwe vipimo vyenu. Mstari una uhakika kuliko kipimo kimoja kimoja, kwa sababu umechukua wastani wa vyote. Kwenye mstari wetu, kwa sekunde 20 tunasoma mita 27, na kwa sekunde 70 tunasoma mita 94,5.

Badiliko la umbali: 94,5 − 27 = 67,5 m.
Badiliko la muda: 70 − 20 = 50 s.
Kasi: 67,5 ÷ 50 = 1,35 m/s.

Kwa nini nukta ziwe mbali? Kwa jicho, unaweza kukosea nusu milimita kila mwisho, jumla milimita moja. Katika pembetatu yetu, urefu wa wima ni milimita 67,5, kwa hiyo kosa ni karibu asilimia 1,5. Ungechukua pembetatu ndogo, kutoka sekunde 20 hadi 24, wima ungekuwa milimita 5,4 tu, na milimita moja ileile ingeharibu jibu kwa zaidi ya asilimia 18. Mstari ni uleule, penseli ni ileile, tofauti ni ukubwa wa pembetatu.

Kosa jingine ni kupima pembetatu kwa lati na kugawa sentimita kwa sentimita. Hapa wima ni sm 6,75 na mlalo ni sm 10. Ukigawa unapata 0,675, na namba hiyo si kasi ya mtu yeyote. Sentimita za wima zinabeba mita 10 kila moja, za mlalo zinabeba sekunde 5. Soma thamani kwenye mihimili, usisome urefu wa karatasi. Kwa sababu hiyohiyo usilinganishe grafu mbili kwa ukali wa mistari kabla ya kuangalia vipimo vyake. Ukibadilisha mhimili wa wima kuwa sentimita 1 kwa mita 5, mtembeaji yuleyule ataonekana kama anakimbia.

Sekunde, dakika, saa

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, na hupotea kwa watu waliochora vizuri kabisa.

Kutoka m/s kwenda km/h zidisha kwa 3,6; kurudi, gawa kwa 3,6. Namba hiyo haikudondoka kutoka mbinguni: saa moja ina sekunde 3600, kilomita ina mita 1000, na 3600 ÷ 1000 = 3,6. Mtembeaji wetu: 1,35 × 3,6 = 4,86 km/h. Ukisahau kama ni kuzidisha au kugawa, kumbuka kwamba mtu anayetembea kawaida huenda karibu 5 km/h, na hiyo ni kama 1,4 m/s. Namba ya km/h ndiyo kubwa kila mara.

Tuchukue mfano ambao Goma inaujua kwa uchungu. Nyiragongo ilipopasuka tarehe 10 Januari 1977, lava ilikuwa nyepesi kama maji mazito, na kasi yake kwenye miteremko ya juu inakadiriwa kufika km 60 kwa saa. Gawa kwa 3,6: karibu 16,7 m/s. Uwanja wenu wa mita 100 ungevukwa kwa sekunde 6. Mtu anayekimbia 5 m/s anahitaji sekunde 20 kwa uwanja huohuo. Zichore katika grafu moja, kisha tazama jinsi mstari mmoja unavyouacha mwingine.

Dakika si sehemu ya kumi za saa. Saa 1 na dakika 20 si 1,20 h. Ni 1 + 20/60, yaani 1,33 h. Vivyo hivyo 3,4 h si saa 3 na dakika 40; 0,4 × 60 = 24, kwa hiyo ni saa 3 na dakika 24. Njia salama: badilisha kila kitu kuwa dakika kwanza, fanya hesabu, mwishoni ndipo urudi kwenye saa.

Kuna na mtego wa kwetu wenyewe. Swali linasema basi liliondoka saa moja na nusu asubuhi, na tikiti imeandikwa kwamba lilifika 9h15. Saa moja na nusu ya Kiswahili ni 7h30, kwa hiyo safari ni saa 1 na dakika 45. Mwanafunzi anayeandika 1h30 kisha kutoa kutoka 9h15 anapata saa 7 na dakika 45, na basi lake linakuwa polepole kuliko mtu wa miguu. Ukihesabu kwa saa za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho utapata jibu sahihi, ila ujihadhari safari ikivuka saa kumi na mbili. Ukihesabu kwa saa za Kifaransa mwanzo hadi mwisho utapata jibu lilelile. Kuchanganya ndiko kunakoua.

Safari yenye vipande

Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anatoka kituoni. Kwa dakika 6 za kwanza anafika km 3. Anasimama dakika 4, abiria ananunua kitu. Kisha anaendelea, na kwenye dakika ya 16 yuko km 5. Anamshusha abiria na kurudi kituoni bila kusimama. Kwenye dakika ya 26 amefika.

Weka nukta: (0, 0), (6, 3), (10, 3), (16, 5), (26, 0). Namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni km kutoka kituoni. Sasa kila kipande kina hesabu yake, na kila kipande kinaanza pale kilichotangulia kilipoishia:

Kipande cha kwanza: 3 km kwa dakika 6, ni 0,5 km kwa dakika, ni 30 km/h.
Cha pili: mstari umelala, 0 km/h.
Cha tatu: kutoka km 3 hadi km 5 ni km 2, kwa dakika 6, ni 20 km/h.
Cha nne: kutoka km 5 hadi 0 ni −5 km kwa dakika 10, ni −30 km/h.

Kosa la kipande cha tatu ni la kila mwaka: mwanafunzi anasoma nukta ya mwisho, km 5 na dakika 16, anagawa 5 kwa 16, kisha anazidisha kwa 60. Anapata 18,75 km/h, nayo ni kasi ya wastani tangu kituoni, pamoja na ule muda wa kusimama. Si kasi ya kipande. Kwa kipande, kila mara toa mwanzo kutoka kwenye mwisho, umbali na muda pia.

Alama ya kutoa kwenye kipande cha nne haisemi kwamba pikipiki ilikwenda kinyumenyume. Inasema inaelekea kituoni. Mita ya pikipiki ingeonesha 30 tu. Ndiyo tofauti ya kasi na kasimwelekeo: ya pili inabeba upande. Na hapa kuna grafu mbili ambazo walimu wengine huziita kwa jina moja. Ikiwa mhimili wa wima ni umbali kutoka kituoni, mstari unaweza kushuka. Ikiwa ni jumla ya umbali uliokwisha kusafiriwa, mstari hauwezi kushuka hata siku moja. Kwa motari wetu ungepanda hadi km 10. Safari nzima ya km 10 kwa dakika 26 inatoa wastani wa kama 23 km/h, ilhali wastani wa kasimwelekeo ni sifuri, kwa sababu ameishia alipoanzia. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja kwa swali lake.

Kuhusu wastani, usijumlishe kasi mbili na kugawa kwa mbili. Chukudu inateremka km 12 kwa 15 km/h na kurudi km 12 kwa 5 km/h. Kichwa kinataka kusema 10 km/h. Hesabu: kushuka ni dakika 48, kupanda ni saa 2 na dakika 24, jumla saa 3,2 kwa km 24. Wastani ni 7,5 km/h. Mwendo wa polepole umekula muda mwingi zaidi, kwa hiyo umeuvuta wastani kwake.

Mstari ukipinda

Chukudu ikiachiwa kwenye mteremko kutoka imesimama, mstari wake haunyooki. Unapinda kwenda juu, kwa sababu kila sekunde inaongeza umbali mkubwa kuliko ile iliyopita. Tuseme sekunde 0, 2, 4, 6, 8 zinatoa mita 0, 1, 4, 9, 16. Kasi yake kwenye sekunde ya 6 ni ngapi? Si 9 ÷ 6 = 1,5 m/s; huo ni wastani wa sekunde sita zote, pamoja na ule mwanzo wa kujivuta.

Hapa tunachora mstari-mguso. Weka lati igusie mpindo kwenye sekunde ya 6 tu, kisha izungushe polepole hadi nafasi kati ya lati na mpindo zilingane kushoto na kulia. Chora mstari mrefu, ufike hadi kwenye mhimili wa muda. Ukichora vizuri utaukata mhimili kwenye sekunde ya 3. Mwinamo: 9 ÷ (6 − 3) = 3 m/s, mara mbili ya ule wastani. Kuhakiki, chukua nukta za jirani zinazolingana pande zote mbili, sekunde ya 4 na ya 8: (16 − 4) ÷ 4 = 3 m/s. Kazi ya mkono ikikupa 2,8 au 3,2 usijilaumu. Ikikupa 2 au 4, lati yako ilikuwa inakata mpindo badala ya kuugusa.

Mwenye chukudu akikanyaga breki, ule ukanda wa mpira wa gurudumu la nyuma, mpindo unaanza kulala. Bado unapanda, kwa sababu bado anasonga mbele. Kupungua kwa kasi si kushuka kwa mstari.

Vyombo viwili katika grafu moja

Swali la meli hupendwa, kwa hiyo tulifanye lote. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue km 100 kati ya Goma na Bukavu kwa njia ya ziwa. Boti ya mizigo inaondoka Goma saa kumi na mbili asubuhi, yaani 6h00, kwa 15 km/h. Boti ya haraka inaondoka Bukavu 8h00 kwa 35 km/h. Zitapishana wapi, saa ngapi?

Mhimili wa wima ni umbali kutoka Goma, kwa boti zote mbili. Ya mizigo inaanzia (6h00; 0) na kupanda: kwenye 8h00 iko km 30, kwenye 10h00 iko km 60. Ya haraka inaanzia (8h00, 100), juu kabisa, na kushuka: kwenye 9h00 iko km 65, kwenye 10h00 iko km 30. Wengi huianzisha kwenye 6h00 kwa kuwa hapo ndipo mhimili unapoanza, na jibu lote linaharibika. Mistari inakatana karibu na km 50, kati ya 9h00 na 9h30.

Kwa hesabu, t ikiwa saa tangu 6h00: 15t = 100 − 35(t − 2). Inakuwa 50t = 170, t = 3,4. Kama tulivyoona, hiyo ni saa 3 na dakika 24: zinapishana 9h24, na 15 × 3,4 = km 51 kutoka Goma. Hakiki upande wa pili: ya haraka imesafiri saa 1,4, ni km 49 kutoka Bukavu, na 51 + 49 = 100. Mahali mistari inapokatana vyombo viko umbali mmoja kutoka Goma kwa wakati mmoja. Hakusemi kwamba vina kasi sawa. Kasi zingelingana kama mistari ingekuwa sambamba.

Grafu hiyohiyo chini ya ardhi

Wanaoangalia matetemeko, kama walivyo wataalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma wanaoifuatilia Nyiragongo na Nyamulagira, wanategemea mistari ya namna hii. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili kwa wakati mmoja. Katika miamba ya ganda la dunia, la kwanza huenda takriban 6 km/s, la pili takriban 3,5 km/s. Chora mistari miwili kutoka 0, muda chini, umbali juu. Kadiri unavyopanda, nafasi ya mlalo kati yake inapanuka. Nafasi hiyo ndiyo sekunde zinazopita kati ya mtikisiko wa kwanza na wa pili pale kituoni.

Chombo kikionesha tofauti ya sekunde 5, telezesha lati ikiwa imelala kwenye grafu hadi pengo kati ya mistari miwili liwe sekunde 5, kisha soma umbali kushoto. Utapata karibu km 42. Hakiki: 42 ÷ 3,5 = sekunde 12, 42 ÷ 6 = sekunde 7. Kituo kimoja kinakupa umbali tu, si upande. Unachora duara la km 42 kukizunguka, na unahitaji maduara ya vituo vingine viwili ili yakutane mahali pamoja.